Maji Yametoka

"Mikono!" Madamu akasema, na darasa zima likanyoosha mikono juu kana kwamba limevamiwa na majambazi.

Alipita mstari kwa mstari akikagua viganja. Kitabu kilikuwa kimoja, watoto walikuwa wengi kuliko madawati, na Mkuu wa shule alikwishasema wazi kwamba likionekana doa la kidole, kitabu kitarudi kabatini na hakitatoka tena mpaka siku ya kiama. Maji ya kunawa hayakuwepo. Kwa hiyo watoto walifuta mikono kwenye mashati. Mikono ikabaki vilevile, na mashati vilevile, lakini utaratibu ulifuatwa. Pale shuleni utaratibu ndio uliokuwa na afya nzuri kuliko mtu yeyote.

"Wewe, hiki nini?"

"Wino, Madamu."

"Na hiki cheusi?"

"Hicho ndicho kidole chenyewe."

"Haya, kaa."

Kitabu kilikuwa cha picha, cha watoto waliokwenda ufukweni, na jalada lake liling'aa kama kipara cha mgeni rasmi. Kililetwa na wafadhili. Walipiga picha na kitabu, wakapiga picha na watoto, wakapiga picha na kabati, wakaondoka. Tangu siku hiyo kilikaa ofisini kwa Mkuu, kimevishwa nailoni, kati ya kombe la mbio za magunia na kopo la dawa ya mbu lililokwisha dawa. Walimu walikiita Mwali, maana hakitolewi ndani mpaka kuwe na shughuli.

Leo kulikuwa na shughuli. Mkaguzi anakuja.

Madamu naye alikuwa na jina la utani, alilopewa na walimu wenzake: Kaimu. Alikuja pale kumshikia nafasi mwalimu aliyekwenda kujifungua. Yule mwalimu alijifungua salama, akahama na mumewe, baadaye mtoto akaletwa kwa shangazi yake asome hapo, na sasa amekaa dawati la mbele kabisa, anaandika jina lake mwenyewe bila kuangalizia. Kaimu bado anakaimu. Hakuwa na mshahara. Alikuwa na posho, na posho ni kama mvua, unaambiwa itakuja, unaambiwa imeonekana kwa mbali, lakini anayelowa si wewe. Posho haikuwahi kupanda. Vilivyopanda ni vitu vingine. Asubuhi hiyo alipita dukani, mwenye duka akamwambia sukari imeongezeka tena bei, hata yeye anaona haya kuitaja.

"Nikupimie, mwalimu?"

"Nipimie harufu tu, kaka. Nitanusa nikinywa chai."

Mwenye duka alicheka sana, akasema walimu wana maneno, kisha akarudisha kijiko kwenye gunia.

Jana yake Mkuu alikuwa amemwita ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo halikusaidia kitu kwa sababu dirisha halikuwa na kioo.

"Madamu, sikiliza. Mkaguzi akitoka darasani kwako anatabasamu, jina lako linakwenda juu na barua ya ajira inakuja. Akitoka amenuna, mimi mikono yangu haimo."

"Kwani mpaka leo ilikuwa wapi, Mkuu?"

"Unaona? Huo mdomo wako ndio unaokuponza. Kesho fundisha. Usitanie."

Walimu walioajiriwa, ambao mkaguzi hakuwa na cha kuwapa, wote walikuwa wameugua kwa wakati mmoja tangu wiki iliyotangulia. Mmoja jino, mmoja mgongo, mmoja alisema anaumwa tu, wasimwulize sana. Ndivyo Mwali alivyomwangukia Kaimu.

Wiki nzima walifanya mazoezi bila kitabu. Madamu alikitazama jioni ofisini kwa Mkuu, asubuhi akachora bahari ubaoni. Chaki ya buluu hakuna, bahari ikawa nyeupe, na watoto wakaipokea hivyo hivyo, kama uji. Aliwaeleza ufukwe, mchanga, mawimbi, chumvi. Yeye mwenyewe bahari aliijua kwa kalenda tu, ile iliyotundikwa kwa kinyozi. Lakini kazi ya mwalimu ni kusema kwa sauti kubwa yale aliyoyasoma jana usiku, na sauti alikuwa nayo.

Shida ilianzia ukurasa wa pili. Palikuwa na sentensi mbili: *Maji yametoka. Watoto wanakimbia na ndoo zao.*

"Hapa," Madamu alisema, "maana yake bahari imerudi nyuma. Mchanga umebaki wazi. Ndiyo watoto wanakwenda kucheza."

"Inarudi lini, Madamu?"

"Jioni. Kila siku inatoka, kila siku inarudi."

"Kila siku?" Darasa lilicheka. Kwao maji yalitoka bombani siku yakijisikia, na hayajisikii mara nyingi.

"Nani anaifungulia?"

"Hakuna anayeifungulia. Mwezi ndio unaivuta."

Watoto wakatazamana. Kisha sauti moja nzito kidogo, ya mtu mwenye madai, ikauliza kutoka dawati la kati:

"Mwezi huu, au mwezi ujao?"

Aliyeuliza ni Bibi. Jina lake la daftari ni jingine, ila hakuna aliyelitumia. Alikuwa mtoto mdogo mwenye maneno ya mtu mzima, kwa sababu alilelewa na bibi yake mzaa mama, wawili hao peke yao, na angemwiga nani mwingine? Alipokaa alisema "yallah, miguu." Alipoona wenzake wanapigana alisema "dunia imeisha." Kabla ya kuja shule alikuwa tayari ameamka, amepanga foleni bombani, amejitwika ndoo, amegombana na watu wazima wawili watatu na kuwashinda. Madamu alimpenda kuliko inavyoruhusiwa. Wengine wakiulizwa swali walitafuta jibu usoni kwa mwalimu, Bibi alilitafuta kwenye picha.

Mkaguzi aliingia baada ya mapumziko. Nyuma yake aliingia Mkuu, na nyuma ya Mkuu kikaingia kiti, kimebebwa na mlinzi, kwa kuwa darasani mle kiti hakuna.

"Karibu mgeeeni wetu!"

"Asanteni. Kaeni."

Walikaa, watatu watatu, wanne wanne, na wale wa ukutani wakakaa chini. Mkaguzi alifuta kiti kwa leso, akakaa, akakunja leso, akatazama juu kwenye bati kulikokuwa na tundu, akaliacha tundu kama alivyolikuta.

"Endelea, mwalimu. Jifanye sipo."

Madamu akafungua ukurasa wa pili, akanyanyua kitabu juu, akaanza kutembea nacho kati ya madawati, polepole, ili kila mtu apate kuona. Waliokaa nyuma walisimama juu ya vidole. Picha ilikuwa nzuri kwa kweli. Mchanga wa manjano, maji ya buluu, watoto wamevaa nguo za rangi, wanakimbia wamekenua.

"Mnaona nini?"

"Watooooto!"

"Wana nini mkononi?"

"Ndooooo!"

Mkaguzi aliinua kidole. "Kwa nini wanakimbia?"

"Kwa sababu maji yametokaaaa!"

"Aaa! Vizuri sana!" Mkaguzi akapiga paja. Mkuu alitabasamu mpaka meno ya nyuma. Madamu akapata tumaini, kitu ambacho hakukijua vizuri kwa sababu hakikumtembelea mara kwa mara. Aliiona barua. Aliiona ina muhuri. Alijiona yuko dukani anasema, pima, kaka, pima na ya kesho.

Mkaguzi angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na ya furaha. Lakini mtu akishaletewa kiti hujisikia lazima akifanyie kazi.

"Sasa mimi," alisema, "sipendi kukariri. Watoto wetu wanakariri mno. Nataka mmoja anieleze picha hii kwa maneno yake mwenyewe. Anachokiona. Nani?"

Mkono ulikuwa mmoja. Madamu alijitahidi kutouona. Alitazama pembeni, akatazama bati, akatazama mlango.

"Yule pale," mkaguzi akasema. "Njoo mbele, binti."

Bibi akaja. Alifuta mikono kwenye gauni bila kuambiwa, akasogelea kitabu, akakitazama kama mtu anayetazama picha ya ukoo.

"Hapa ni asubuhi," alianza. "Maji yametoka. Kuna mtu kayaona wa kwanza, kapiga kelele, ndiyo hawa wote wametoka mbio. Huyu kandambili yake moja imebaki nyuma, ile pale. Lakini hairudii. Akirudi tu, nafasi yake imeliwa."

Ni kweli, kwenye picha kulikuwa na kandambili moja mchangani. Madamu alikuwa amekitazama kitabu kile mara nyingi na hakuwahi kuiona.

"Enhe," mkaguzi akasema, kichwa upande. "Na huyu mama aliyelala kwenye kitambaa?"

"Huyo amelala kwenye foleni tangu usiku. Mwavuli amekuja nao kwa sababu anajua jua litamkuta hapo hapo. Mwache apumzike."

"Na huyu, juu ya kiti kirefu, mwenye filimbi?"

"Huyo ndiye mwenye bomba." Bibi alishusha sauti kidogo, kama mwenye bomba angeweza kusikia. "Amepanda juu ili awaone wanaoruka foleni. Akipuliza filimbi, basi tena, anafunga."

"Eeeeh," darasa likaguna, likitikisa vichwa. Wote walimjua. Kila mtaa ulikuwa naye.

"Na maji yote yale pale nyuma? Yale ya buluu?"

"Hayo ya chumvi. Madamu ametufundisha, hayanyweki."

Mkuu alijaribu kucheka, akaona hakuna anayemsindikiza, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi. Mkaguzi akanyoosha mkono, akafungua ukurasa uliofuata mwenyewe, kwa kidole ambacho hakikukaguliwa. Watoto wale wale walikuwa wamepiga magoti, wanajaza mchanga ndani ya ndoo.

"Haya. Kama walikwenda kuchota maji, hapa mbona wanatia mchanga?"

Darasa likanyoosha shingo. Hata Madamu akasogea asikie. Bibi aliinama juu ya picha. Alipoinuka, uso wake ulikuwa na ile huruma ya watu wazima msibani.

"Walichelewa," alisema. "Walivyofika, yamekatika. Sasa watarudi nyumbani na ndoo nyepesi? Wataonwa kutoka mbali. Ndiyo wametia mchanga, ndoo iwe nzito, mpaka wafike mlangoni."

Hakuna aliyecheka. Kule nyuma mtoto mmoja alisema taratibu, "mimi nilitia mawe," akapigwa kiwiko na jirani yake.

Mkaguzi alifunga kitabu juu ya kidole chake.

"Mwalimu. Huyu mtoto amepotea kabisa. Hawa wako kwenye burudani. Wanacheza. Picha nzima ni ya furaha. Msahihishe."

"Mheshimiwa," Madamu akasema, "umeomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe."

"Maneno yawe yake, jibu liwe la kitabu. Msahihishe."

Nyuma ya kiti, Mkuu aliinua nyusi. Kisha akainua mikono, yote miwili, ile ile ambayo kesho isingekuwemo, akamwonyesha Madamu kwamba kwa sasa bado ipo.

Mtu akisimuliwa kisa kama hiki huwa shujaa sana. Mimi ningemwambia hivi, mimi ningemjibu vile. Lakini shujaa huyo ameshakula. Madamu alikuwa amesimama mbele ya darasa na tumbo la chai isiyo na sukari, mwaka wa ngapi sijui wa kukaimu, na kodi aliyodaiwa na mama mwenye nyumba, aliyeanza kumsalimia kwa kumwita "mgeni wetu". Alimtazama mkaguzi. Alimtazama mtoto.

"Bibi," alisema. "Umekosea."

"Nimekosea wapi, Madamu?" Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kwa sababu alitaka aonyeshwe mahali.

"Hawaendi kuchota maji. Wanakwenda kucheza."

"Na ndoo?"

"Na ndoo."

"Maji yametoka, wana ndoo, halafu wanacheza?"

Hapo sasa darasa likacheka, na halikumcheka Bibi. Mkaguzi alikunja uso. Madamu aliona ule mkunjo unaanza kati ya nyusi na kushuka puani, akaona barua inakunjika nao.

"Nimesema umekosea!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyoipima. "Usibishane na kitabu. Nenda ukakae."

Bibi alikwenda akakaa. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu, mtoto akilia unampa ruhusa akanywe maji, ingawa maji yenyewe hakuna. Alikaa tu, akaweka mikono juu ya dawati, na kwa mara ya kwanza hakusema "yallah."

"Wote," Madamu akasema. "Watoto wanakwenda kucheza."

"Watoto wanakwenda kuchezaaa."

"Tena."

"Watoto wanakwenda kuchezaaaa!"

"Hapo!" Mkaguzi akasimama, uso umekunjuka. "Hapo sasa wameelewa. Hongera, mwalimu."

Nje, uani, alimpa mkono kabisa. Mkono laini, wa moto.

"Una msimamo," alimwambia. "Wengine wanamwachia mtoto azungumze tu, wanasema ni ubunifu. Nitalipeleka jina lako. Mkuu, nikumbushe."

"Nitakukumbusha, mheshimiwa, hata usiku wa manane."

"Asante sana," Madamu akasema. Hii ndiyo ilikuwa dakika yake. Aliisubiri miaka, na sasa ilipofika alikuwa bado anasubiri ianze.

Dereva wa mkaguzi alikuwa amefungua buti ya gari. Humo ndani, juu ya tairi la akiba, yalijipanga madumu ya njano, mapana, yamefungwa kwa kamba ya katani ili yasigongane njiani. Mkaguzi alimsogelea Mkuu, akasema kwa ile sauti ya mtu na mtu:

"Halafu ndugu yangu, nina shida ndogo. Pale kwangu maji hayajatoka tangu wiki iliyopita. Mke wangu ameniambia nisirudi mikono mitupu. Kama mna akiba kidogo..."

"Hilo tu? Mheshimiwa, hilo ni lako."

Akiba ilikuwa kwenye pipa nyuma ya vyoo. Kila mtoto alitakiwa kuja na chupa yake ya maji kutoka nyumbani asubuhi, akaimimine humo, ndiyo vyoo viweze kusafishwa, si ya kunawa wala kunywa. Asiyekuja nayo alirudishwa. Dereva alianza kuchota kwa kopo, taratibu, asimwage. Alikuwa mzoefu. Dumu likijaa alilipiga kofi mgongoni na kuvuta jingine.

Madamu alisimama pale. Lile neno, "hayajatoka", lilikuwa limemkaa sikioni. Lilitamkwa vizuri kabisa, halikuhitaji mwezi wala mawimbi, kila mtu aliyekuwa uani alilielewa, hata mlinzi, hata dereva. Jibu lilimjia lenyewe, limekomaa, liko kwenye ncha ya ulimi: *mheshimiwa, si uchukue ndoo ukacheze?*

Alilimeza. Lilishuka chungu, bila sukari kama vingine vyote.

"Safari njema, mheshimiwa," alisema.

"Rudi darasani, Madamu," Mkuu akamnong'oneza kwa furaha. "Kimalizie tu kitabu, kengele ikilia niletee. Na angalia madoa."

Alirudi. Watoto walikuwa wamekaa kimya, jambo ambalo siku nyingine angelishukuru. Kutoka dirishani ilisikika sauti ya maji yakiingia kwenye dumu, glu glu glu, na vichwa vyote vilikuwa vimeelekea huko. Alipoingia viligeuka mbele, kwa pamoja.

Zilibaki kurasa chache. Alitafuta ulio rahisi kuliko zote. Ndege mmoja mweupe, mkubwa, ameenea ukurasa mzima, ametua juu ya jiwe. Hakuna maji, hakuna ndoo, hakuna neno hata moja lililoandikwa. Aliunyanyua juu akapita nao mpaka nyuma, mpaka kwa wale wa ukutani.

"Haya, jamani. Hapa mnaona nini?"

Hakuna mkono uliopanda.

"Jamani. Mnaona nini?"

Walimtazama usoni, si kitabuni. Hata yule wa mawe. Hata yule wa dawati la mbele. Madamu alifika dawati la kati akasimama, akashusha kitabu mpaka kikawa karibu kabisa na pua ya Bibi.

"Bibi wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Niambie. Huyu ni nani?"

Bibi aliitazama picha. Macho yake yalitembea juu ya bawa, yakashuka mguuni, yakakaa kidogo kwenye jicho la yule ndege. Kisha akayainua.

"Sema wewe, Madamu," alimjibu kwa adabu. "Sisi tutaitikia."

Madamu alingoja. Uani buti ya gari ilifungwa, mlango ukafungwa, gari likawaka.

"Ndege," akasema.

"Ndeeeege," darasa zima likaitikia, kwa pamoja, safi, bila hata mmoja kukosea.